Wazee waandike sera, mchungaji aachiwe kazi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalotuchosha waumini wa makanisa ya mialoni, yaani penye fukwe za wavuvi, huku Mwanza: mabaraza ya wazee yanayoongoza kwa vikao visivyoisha.

Kanisani kwetu, nisilitaje jina, kikao huanza saa kumi jioni na kumalizika usiku. Kinachojadiliwa? Saruji inunuliwe duka gani, mwalimu wa kwaya apewe nauli kiasi gani. Mengi ya hayo yalishaamuliwa zamani, ila uamuzi umelala kwenye jalada la mihtasari ambalo wazee wapya hawajawahi kulifungua. Basi wanaamua upya, na safari hii vingine.

Ukitaja sera za maandishi unaulizwa, "Ndugu, ina maana hatumwamini mchungaji?" Asiyeaminiwa ni yule anayelazimika kuwapigia simu wazee wote ndipo anunue bati moja, huku mvua inavuja madhabahuni.

Mmarekani John Carver, mtaalamu wa uongozi wa bodi, alianza kufundisha uongozi huu wa sera za maandishi tangu miaka ya 1970, na yapo makanisa ya kwao yanayolifuata. Bodi (kwetu ni baraza la wazee) inaandika matokeo inayoyataka, kisha inaandika mipaka ambayo mtendaji (kwetu ni mchungaji) haruhusiwi kuivuka. Ndani ya mipaka hiyo mtendaji anatumia akili yake, na bodi inamsemesha kwa kauli moja, si kila mjumbe na amri yake. Bodi inajiandikia na utaratibu wake yenyewe.

Chukua suala la akiba. Wengi wetu tunaishi kwa dagaa, na dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inapumzika, na Jumapili hizo kapu la sadaka linarudi jepesi. Hutokea kila mwezi, na kila mwezi wazee wanaitana kwa dharura kana kwamba ziwa limekauka! Mstari mmoja ungetosha: mchungaji asiache fedha za benki zishuke chini ya matumizi ya mwezi mmoja, wala asiguse fedha za ujenzi kwa matumizi ya kawaida. Namna ya kufika hapo ajue yeye na mhazini. Baraza lidai taarifa kila robo mwaka, na liisome.

Au mnada baada ya ibada. Jogoo ananunuliwa, mnunuzi anamrudisha anadiwe tena, akina mama wanapiga vigelegele, na fedha zinalala nyumbani kwa aliyenadi. Simtuhumu mtu. Iandikwe tu kwamba zihesabiwe palepale na watu wawili wasio wa familia moja, na risiti ikatwe.

Wapo watakaosema katiba tunayo. Ni kweli, ipo kwa Msajili wa Jumuiya, na wadhamini wameandikishwa RITA, wakala wa serikali unaosajili wadhamini. Hayo yanatupa uhalali wa kuwepo na kumiliki kiwanja, lakini hayasemi nani ashike ufunguo wa kabati la sadaka. Tena kuibadili katiba ni safari ndefu, wakati sera wazee wanaweza kuirekebisha kikao kijacho wakiona haifai.

Ugumu ninaouona ni mmoja. Kwetu mchungaji ndiye mwenyekiti wa baraza, kwa hiyo atakuwa anajipangia mipaka yake mwenyewe. Ajenda hiyo ikifika, kiti akalie mzee mwingine. Na tafadhali, wasituletee makabrasha mazito yaliyonakiliwa kutoka shirika fulani la wafadhili. Kurasa chache za Kiswahili cha kawaida zinatosha.

Kwa kuwa kanisani kwetu tunaelekea kuchagua wazee, nawaomba wagombea watuambie kama watakubali sera hizo zibandikwe kwenye ubao wa matangazo, na zisomwe kwa Kisukuma kwa wazazi wetu wasiojua kusoma.

Muumini,
Kirumba, Mwanza