Land Rover la Pangani: nimeshaingia uvunguni

Chumbageni, Tanga
Jumapili, baada ya magharibi

Baba Zuhura,

Salamu zako nimezipata, na picha pia. Huku hatujambo, ila mgongo ndio unaolalamika, maana jana nimelala uvunguni mwa gari lako karibu saa nzima. Nasema lako, lakini usifurahi bado. Nalisema kwa sharti, na sharti lenyewe ni refu.

Umeniuliza kama milioni 9 ni bei ya haki. Si ya haki, wala haiko jirani nayo. Lakini yule kijana anayeliuza si mwizi. Kasikia tu kwamba Wazungu wanayatafuta haya magari, na tangu siku hiyo anaota dola.

Liko nyuma ya nyumba yao, chini ya mwembe, bahari unaisikia. Tairi zimeshuka zote, hata ile ya akiba juu ya boneti. Kuku wamelifanya banda. Mmoja alikuwa analalia kwenye kiti cha dereva, na nilipofungua mlango alinitazama kama karani anavyomtazama mtu aliyefika dirishani dakika tano kabla ya kufunga. Nikarudisha mlango taratibu, nikaanza na upande wa pili.

Kijana akanambia ni gari la mkoloni, la mwaka 1958, ndiyo maana bei iko juu. Nikanyamaza, nikatazama. Taa kubwa ziko kwenye madigadi, grili ni ya plastiki, na saa za dashibodi ziko mbele ya dereva, hazipo katikati. Hiyo ni Series III, toleo la tatu la Land Rover hizi, nayo ilianza kutoka kiwandani mwaka 1971. Tanganyika ilikuwa na miaka kumi ya uhuru. Grili na taa mtu anaweza kubadilisha, kwa hiyo nikaenda kuthibitisha kwenye namba ya chasi, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa mazito. Nitarudi kwenye hiyo namba.

Pili, akanigongea bodi kwa vidole: “Hili halishiki kutu mzee, ni bati la ndege.” Neno hili utalisikia kwa kila muuza Land Rover, na ubaya wake ni kwamba nusu yake ni kweli. Baada ya vita Waingereza walikuwa na uhaba wa chuma, aluminiamu ikawa ndiyo inayopatikana, kwa hiyo Land Rover ya kwanza, ile iliyoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, ilivishwa bodi ya mchanganyiko wa aluminiamu. Wakaendelea hivyo hivyo. Lakini chasi, ile fremu ya chini inayobeba gari zima, ni chuma. Na ule ukuta ulio kati ya injini na miguu ya dereva, unaobeba milango, ni chuma. Ndiyo maana gari hili linadanganya kuliko Peugeot au Datsun. Zile zikioza unaona matundu mlangoni, unajua umefika msibani. Hili linaoza kwa chini huku uso ukiwa mzima.

Wewe unalijua hili kwa hasara yangu. Unakumbuka lile la kijani nililonunua, nikalipiga rangi kwanza kabla ya kulala chini yake? Wiki ya tatu, kabla sijafika Segera, springi ya nyuma ilitoka na kipande cha chasi ikabaki inaning'inia. Nililipa kulikokota, nikalipa kuchomelea, na mwisho nikaliuza kwa bei ambayo mama watoto hajaambiwa mpaka leo. Tangu hapo sitazami rangi.

Basi nikaingia chini na nyundo ndogo na bisibisi pana. Chasi ya Land Rover ni boksi, yaani uwazi ndani, na tope likishaingia kwenye matundu yake halitoki. Inaliwa kuanzia ndani kwenda nje. Kwa hiyo ukiona doa la kutu nje, ujue ndani mazungumzo yalishaisha. Unagonga kila shubiri unasikiliza. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kama papai bivu.

Kuanzia mbele mpaka chini ya giaboksi, chasi inalia vizuri. Unajua kwa nini? Oili. Injini na giaboksi zimevuja miaka yote hiyo na kuipaka chasi mafuta kama mtoto anayepelekwa shule. Sijawahi kufurahia uvujaji kama jana. Ila oili haikufika kila mahali. Kutoka katikati kwenda nyuma ni kilio. Mikono miwili inayotoka pembeni kushika bodi, bisibisi imeingia mpaka kwenye mpini bila kusukumwa kwa nguvu. Boriti ya nyuma, ile ya kufungia trela, upande wa kushoto nimeivunja kwa kidole. Sikutia chumvi, chumvi imetiwa na bahari. Kishikio cha springi ya nyuma kulia kina kiraka cha zamani kilichochomelewa juu ya kutu, na sasa kiraka ndicho kizima, kilichoshikiliwa ndicho hakipo.

Ule ukuta wa chuma pia: sehemu ya kuwekea miguu upande wa abiria unaona mchanga wa chini. Upande wa dereva wamepiga puti na kupaka rangi nyeusi, na juu yake wakatandika zulia. Nilichukua sumaku, haikushika.

Habari njema ni injini. Ni ile ya petroli ya silinda nne, cc 2286, na nilibeba hendeli yangu. Nilitia oili kidogo kwenye mashimo ya plagi usiku mmoja kabla (nilimtuma mpwa wangu, usiulize), kisha jana nikaizungusha kwa mkono. Imezunguka. Silinda tatu zina nguvu, moja inapumua kidogo kama mimi nikipanda ngazi. Haijakwama, na hilo ni jambo kubwa.

Sasa hesabu. Mimi sianzii kwenye bei ya muuzaji. Naanzia kwenye bei ya gari likiwa limekamilika, hapa kwetu, siyo Ulaya. Lile Land Rover refu, la 109, la mwalimu wa mtaa wetu, linalotembea, chasi nzima, karatasi safi, limeuzwa juzi milioni 14. Hilo ndilo dari letu. Kutoka hapo nashuka.

Chasi nyuma yote kukata na kuchomelea upya, kwa fundi ambaye hatachomelea juu ya kutu: milioni 2.8. Ukuta wa mbele: milioni 1. Injini, ikibidi kufungua kichwa na kusafisha kabureta na tangi: 1.2. Breki, mipira yote na waya zilizoliwa na panya: 1.3. Tairi tano: 1.5. Rangi, ya kawaida, siyo ya maonyesho: laki 9. Usajili, bima na safari za ofisini: laki 8. Jumla milioni 9.5. Zinabaki 4.5. Halafu natoa milioni 1.2 kwa ajili ya yale ambayo sikuyaona, maana difu sikuifungua na giaboksi sikuisikia ikifanya kazi. Tunabaki na milioni 3.3. Hiyo ndiyo bei ya juu kabisa, shilingi moja zaidi unamlipa kijana kwa kukupa kazi.

Na chini yake kuna sakafu. Mtu wa chuma chakavu alishapita akamwahidi milioni 1. Kijana kanitajia mwenyewe, kwa hasira. Kwa hiyo haki iko kati ya 1 na 3.3, na mimi ningefungua mdomo kwa 2.2.

Najua utakachosema: kwamba huuzi, unataka la kuendea shamba, na marehemu baba yako alikuwa na kama hili. Sawa. Hamu nayo ina bei, na ni ya kwako, sitakupangia. Lakini ukiongeza laki 5 kwa ajili ya hamu, iite hamu. Usiniambie baadaye ilikuwa uwekezaji. Na usiniletee habari za chasi mpya kutoka Uingereza. Zipo, tena zimechovywa zinki, lakini ukishaisafirisha na kuitoa bandarini utakuwa umenunua gari la pili ili utengeneze la kwanza.

Sasa ile namba. Huchongwa kwenye mkono wa springi ya mbele kulia. Nimesugua kwa brashi ya waya na dizeli: tarakimu za mwanzo zinasomeka, mbili za mwisho zimeliwa. Zile zinazosomeka ni za Series III na zinafanana na zilizo kwenye kadi ya gari. Ziko salama kiasi, lakini mkaguzi mwenye njaa atapata pa kusimama. Mwambie fundi asiguse kipande hicho kwa moto wala kwa grainda, hata kama kinamkera.

Na kadi yenyewe bado ina jina la marehemu baba yao. Gari alilinunua kwenye mnada wa shamba la mkonge, akafariki bila kuacha maandishi. Wapo ndugu watatu. Dada mkubwa yuko Dar na, kwa maneno ya kijana, “hana shida”. Mimi ndugu asiye na shida namwogopa kuliko mwenye shida. Mpaka waende Mahakama ya Mwanzo, mmoja ateuliwe msimamizi wa mirathi, na yeye ndiye atie saini, gari hilo ni chuma cha milioni 1 tu. Hata wakikuachia kwa laki 6 bila karatasi usichukue, utakuwa umenunua kesi yenye usukani.

Nimemwambia kijana haya yote isipokuwa bei zetu, bila kejeli, na nilimwonyesha bisibisi ilivyoingia. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema labda milioni 5. Hiyo ni milioni 4 imeshuka bila mimi kutaja bei, kwa hiyo usimpigie simu wewe. Ukipiga simu kutoka Moshi atasikia sauti ya mtu anayetaka.

Nitarudi huko wakishapata barua ya mahakama. Ukikubaliana na 2.2 ya kuanzia na 3.3 ya mwisho, nijulishe kabla ya Alhamisi, na utafute lori la kubebea, maana kulikokota kwa boriti ile ya nyuma hakuwezekani, utafika Muheza na boriti peke yake.

Mama yao alitoka wakati naondoka, akaniuliza kama ni mimi ninayechukua gari. Nikamwambia ni rafiki yangu. Akasema hana kipingamizi, hata bei si kazi yake, ila lisiondoke kabla ya siku tisa. Kuku bado analalia.

Msalimie Mama Zuhura.

Mwenzako wa Chumbageni