Kadi mnazozitupa ndizo zinazoleta ugomvi

Mhariri,

Kila msimu wa mashindano ya gofu ya timu za klabu unapokaribia, ukurasa huu hujaa barua za watu wanaotaka masharti ya kusajili wachezaji yakazwe. Mgeni asicheze, mwenye uanachama wa klabu mbili azuiwe, handikapu, yaani mipigo ya nyongeza anayopewa mchezaji ili alingane na walio bora kuliko yeye, zikaguliwe upya. Barua ya namna hiyo niliwahi kuiandika mimi mwenyewe, tena kwa hasira, na wewe ukaichapisha. Leo naomba nafasi ya kujipinga.

Nimekuwa nahodha wa timu ya klabu yetu kwa misimu kadhaa, na tabu yangu ilianza siku tuliyofungwa kwa alama 12. Tulicheza kwa alama za Stableford, ambazo hutolewa shimo kwa shimo na mwenye nyingi ndiye bora, wachezaji 8 kila upande, kadi (yaani matokeo ya mchezaji mmoja) 5 bora zikihesabiwa. Wenzetu walileta 43, 41, 38, 36 na 35, jumla 193. Sisi tulileta 38, 37, 36, 35 na 35, jumla 181. Wakapewa kombe, tukapiga makofi, tukarudi kwenye magari tukinung'unika kuhusu yule bwana wa 43.

Usiku ule sikulala vizuri, nikazitoa nakala za kadi zote 16. Kadi zao 3 ambazo hazikuhesabiwa zilikuwa 22, 19 na 17. Zetu zilikuwa 34, 33 na 33. Nikaanza kujumlisha upya. Kama tungehesabu kadi 6, tungetoka sare, 215 kwa 215. Tungehesabu 7, tungeshinda kwa 14. Na kama kila aliyetembea mashimo 18 siku ile angehesabiwa, matokeo yangekuwa 281 kwetu na 251 kwao. Timu zilezile, uwanja uleule, siku ileile. Kilichoamua mshindi ni sentensi moja kwenye masharti ya shindano, ambayo hakuna nahodha hata mmoja, nikiwemo mimi, aliyewahi kuihoji.

Nina mchezaji mmoja ambaye siku ile alisimama shimo la 18 na mpira umbali wa hatua mbili kutoka kwenye kikombe. Aliuzunguka mara mbili, akachuchumaa, akaupiga ukaingia, akapata 33. Alifurahi mno. Hakujua kwamba kadi yake ilikuwa imeshakufa tangu alipokuwa shimo la 14, kwa kuwa wenzake watano waliotangulia walikuwa wameshamaliza na 35 au zaidi. Mtu kama huyo ndiye uti wa mgongo wa klabu yoyote, na kwa mfumo wetu wa sasa nahodha mwenye akili hana sababu ya kumwita.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Idadi ya kadi zinazohesabiwa ndiyo inayoamua nahodha atatafuta mchezaji wa aina gani. Ukimwambia kadi 3 kati ya 8 zitatupwa bure, umemruhusu kuleta watu 8 wenye kupanda na kushuka: leo 43, kesho 17. Wakianguka watatu, hakuna hasara. Watu hao mara nyingi ni wenye handikapu kubwa, na si lazima wawe wezi wanaoficha uwezo wao. Mwenye handikapu 24 hubadilika sana kutoka raundi moja hadi nyingine, kuliko mwenye 5, hata akiwa mkweli kama msahafu. Mfumo wa kutupa kadi unamlipa kwa siku zake nzuri na kumsamehe siku zake mbaya.

Waliotunga Mfumo wa Handikapu wa Dunia, ulioanza kutumika 2020, waliliona hilo. Katika viwango wanavyopendekeza, timu ya watu 4 ambayo katika kila shimo huhesabu alama ya mmoja tu aliye bora, kila mchezaji hupewa asilimia 75 ya handikapu yake ya uwanja. Zikihesabiwa 2 bora kati ya 4, ni asilimia 85. Zikihesabiwa 3 au zote 4, ni 100. Maana yake ni kwamba kadiri unavyotupa zaidi ndivyo unavyopaswa kukata mipigo zaidi. Mwenye 20 akipewa asilimia 85 anabaki na 17, amepoteza mipigo 3. Mwenye 6 anabaki na 5, amepoteza mmoja tu. Sisi tunatupa kadi nzima 3 halafu tunawapa wote asilimia 95 ya kawaida, kana kwamba kila mtu amekuja kucheza peke yake.

Najua utetezi uliopo. Watasema hata mashindano makubwa ya timu za ridhaa duniani hutupa kadi. Ni kweli. Kombe la Eisenhower lilipoanza 1958, kila nchi ilileta wachezaji 4 na zikahesabiwa kadi 3 bora kila siku; tangu 2002 ni wachezaji 3, kadi 2. Lakini pale hakuna mipigo ya bure. Wote ni wachezaji wa kiwango cha juu wanaolingana, na kadi inayotupwa ni kinga dhidi ya mmoja kuamka na homa. Tumechukua kinga ya watu wa handikapu sifuri tukaivisha watu wa handikapu 24, tukashangaa haiwakai.

Sasa nirudi kwa bwana wa 43, maana nisipomtaja nitaonekana nimelainika. Alikuwa amejiunga na klabu ile miezi michache kabla. Masharti yalisema timu iundwe na "wanachama hai", na kwa tafsiri ya klabu yake, aliyelipa ada ni hai. Tukabaki kubishana juu ya neno moja hadi taa za ukumbi zikazimwa.

Handikapu yake ya kuchezea ilikuwa 19 siku ile. Kadi ilipoingizwa kwenye mfumo, mfumo wenyewe ulimkata, kwa sababu raundi iliyo bora kuliko handikapu ya mtu kwa mipigo 7 au zaidi hupunguza handikapu hiyo kwa 1, na ikifika 10 hupunguza kwa 2. Safi kabisa, ila kombe lilikuwa limeshaondoka. Mfumo husahihisha kesho, wakati shindano letu ni la leo.

Ndiyo maana sitaki masharti ya usajili yafutwe. Nataka yawe machache na yasomeke. Mchezaji aichezee klabu inayotunza handikapu yake, basi. Mwenye klabu mbili tayari analazimika kuchagua moja ya kazi hiyo. Katika raundi zake 20 za mwisho, ambazo 8 bora ndizo hutoa handikapu, idadi fulani iwe imechezwa kwenye uwanja wa klabu anayoiwakilisha. Mimi ningesema 8, lakini sitapigana na atakayesema 6. Na kuhusu tarehe ya kufunga handikapu, ichukuliwe iliyo ndogo kati ya ile ya siku majina yalipotumwa na ile ya asubuhi ya mchezo. Ukifunga tarehe moja tu, aliyeimarika katikati anabaki na mipigo asiyostahili. Usipofunga, utashangaa jinsi watu wanavyougua mikono wiki mbili kabla ya shindano ili handikapu zao zipande.

Kuna namba nyingine ambayo manahodha hawaiangalii kabisa, nayo ni handikapu ya chini kabisa ya mchezaji katika siku 365 zilizopita. Mfumo unaitunza, maana ndiyo unayoitumia kumzuia mtu asipande ovyo: akizidi mipigo 3 juu yake, kupanda kunapunguzwa nusu, na hawezi kupita 5. Ibandikwe kando ya jina kwenye orodha ya timu. Sihitaji kumwita mtu mwizi. Wenzake wataisoma wenyewe wakisubiri chai.

Kwenye meza ya kuhesabu pia tuna uzembe wetu. Msimu uliopita timu moja ngeni ilifika na handikapu za uwanja wake wa nyumbani zimeandikwa kabisa kwenye kadi. Mwenye kipimo cha handikapu 14.2 (namba ya uwezo wake kabla ya kubadilishwa kwa uwanja husika) kwenye uwanja wenye ugumu wa 105 hupata mipigo 13. Kwenye wa 135 hupata 17, hata kabla ya kuweka tofauti ya kipimo cha uwanja na pa, yaani idadi ya mipigo inayotarajiwa kwenye uwanja. Hiyo ni mipigo 4 kwa mtu mmoja, na walikuwa wanane. Walijipunja bila kujua, na karani akataka kuziacha zilivyo kwa hoja kwamba "wamejiandikia wenyewe". Tangu 2023 Kanuni za Gofu haziwaadhibu wachezaji kwa handikapu iliyoandikwa vibaya kwenye kadi katika mchezo wa mipigo. Hesabu hiyo ni kazi ya Kamati. Tulikaa saa nzima tukirekebisha. Tulishindwa kwa alama 2, na ilikuwa haki.

Kanuni ya 24, inayohusu timu, ni fupi. Inaiachia Kamati iamue timu inahesabiwaje na kadi ngapi zinaingia, kwa hiyo hatuhitaji ruhusa ya mtu kubadilisha. Pendekezo nitakalolipeleka kwenye kikao cha manahodha ni hili: wachezaji 8, kadi 7. Ile moja iachwe kwa ajili ya mgonjwa. Nahodha mmoja niliyemdokezea alicheka akaniuliza atafanya nini na vijana wake wa "siku moja moja". Nikamwambia awalete. Akajibu kwamba basi itabidi aanze kumpigia simu mzee wake wa handikapu 15 ambaye hajawahi kuvuka alama 36 wala kushuka chini ya 31, na kwamba hakumbuki hata kama bado ana namba yake.

Wako,
Nahodha wa timu, handikapu 16 (ya chini kabisa mwaka huu ni 14)