Wakala wa ufadhili anawala wazazi wetu

Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa kidato cha sita, Moshi. Mzazi mmoja amenionyesha risiti ya wakala: shilingi milioni mbili, "kutafutiwa ufadhili Marekani". Fedha alikopa kikoba. Inaniuma sana, kwani fomu za kuomba chuo na ufadhili mwanafunzi hujaza mwenyewe.

Vyuo vya Marekani kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst havimkatai mwombaji wa kigeni kwa umaskini wake. Akikubaliwa, husaidiwa kulingana na kipato cha wazazi. Vyuo vingi vingine hupima pia uwezo wako wa kulipa kabla ya kukukubali, na usipoomba msaada tangu mwanzo, baadaye mara nyingi huupati. Ushauri wa EducationUSA, mtandao wa serikali ya Marekani, ni bure. Naomba mlichapishe hili kabla ya Novemba, maombi ya mapema yanapofungwa.

Mwalimu,
Moshi