Mkojo wa mgonjwa usimwagwe kabla haujapimwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongee na manesi wenzangu, wakuu wa wodi na ndugu wanaouguza. Kila Machi ikifika siku ya figo duniani tunasikia kunywa maji, punguza chumvi, pima presha na sukari, yote kweli kabisa, ila huku wodini kuna jambo tunalipuuza na linagharimu maisha ya watu.

Hatupimi mkojo. Unakuta mgonjwa kawekewa mpira wa mkojo, mfuko umejaa, asubuhi ndugu kaja na uji anaukuta vile anaenda kuumwaga chooni kwa nia njema tu, nesi akipita na faili anauliza mama amekojoa? anajibiwa ndio amekojoa vizuri, basi inaandikwa hivohivo. Vizuri ndo kiasi gani? Mtu mzima wa kilo 60 anatakiwa atoe angalau mililita 30 kila saa, yaani nusu mililita kwa kila kilo yake, na akitoa chini ya mililita 400 usiku na mchana hapo figo ziko pabaya na wewe kwenye faili umeandika vizuri.

Kuna wanaosema si tutapima kriatinini, ule uchafu wa kwenye damu ambao figo hutakiwa kuutoa. Sawa tupime, ila figo zikiumia ghafla kriatinini inaweza kuchukua siku moja au mbili ndo ipande ionekane, wakati mkojo mara nyingi umeshaanza kupungua masaa mengi nyuma. Nesi mwenye jagi la kupimia mkojo anaweza kuiona hatari kabla ya maabara.

Wodi ya wazazi ndo naumia zaidi. Mama mwenye kifafa cha mimba tunamchoma magnesiamu salfeti ya kuzuia degedege, dawa nzuri sana, ila inatoka mwilini kupitia figo, sasa figo zikigoma inajikusanya mpaka mama anaweza kuacha kupumua. Ndo maana tulifundishwa kabla ya dozi inayofuata uhakikishe anapumua si chini ya mara 16 kwa dakika, ukigonga goti mguu uruke, na mkojo usiwe chini ya mililita 30 kwa saa kwa masaa manne yaliyopita. Kama mkojo ulimwagwa saa nane usiku na hakuna alieandika, hiyo dozi unaichoma kwa kuangalia nini?

Na tusiishie kwenye ujazo. Angalia rangi, kama umekuwa mweusi kama chai ya rangi uliza kulikoni, angalia damu, angalia povu lisiloisha, chovya kijiti cha kupimia mkojo usome protini. Bonyeza mguu juu ya kifundo uone kama kidole kinaacha shimo, yaani maji yanajaa mwilini, mpime uzito kila asubuhi kwa mzani uleule. Na kabla hujampigia daktari usiku kwamba mkojo hautoki hebu fuata mpira kuanzia kwa mgonjwa mpaka kwenye mfuko, mara nyingine umejikunja au kaulalia, halafu papasa chini ya kitovu kama kibofu kimejaa, maana figo kushindwa kutengeneza mkojo na mkojo kukosa njia ni vitu viwili tofauti na kila kimoja kina haraka yake.

Nchi yetu inapandikiza figo, hospitali ya Muhimbili tangu 2017 na ya Benjamin Mkapa Dodoma tangu 2018, najivunia sana, lakini wodi nilizopita mimi kupata jagi la plastiki lenye alama za mililita ni shida, tunakadiria kwa chupa za maji zilizokatwa. Wakuu wa hospitali naomba hilo jagi liingie kwenye bajeti na kila wodi ipate ya kutosha, sio moja linazunguka wagonjwa wote linasambaza vijidudu.

Manesi wenzangu, kwenye kukabidhiana zamu tutaje namba, kaingiza kiasi gani kwa dripu na mdomo, katoa kiasi gani. Na ndugu zetu mnaouguza, mkikuta mfuko umejaa muiteni nesi kwanza, msiuweke sakafuni wala kuunyanyua juu ya kiuno cha mgonjwa, na kama anavaa pampasi msiitupe, tunaipima kwenye mzani tunatoa uzito wa pampasi kavu, kila gramu inayobaki tunahesabu mililita moja.

Muuguzi,
Morogoro