Barua ya wazi kwa vijana wa Tanga mnaorudia kidato cha nne

Wanangu wa Makorora, Mabawa, Duga, Chumbageni na Pongwe, ninyi mnaorudia mtihani wa kidato cha nne mwaka huu kama watahiniwa wa kujitegemea, Bwana Yesu asifiwe.

Nawaandikia kwa sababu ya maneno yanayosikika kila mnapokaa vikundi: "Hisabati si fungu langu, Mungu hakunijalia." Wengine mnayasema kwa unyenyekevu, mkidhani ndiko kukubali mapenzi ya Mungu. Naomba tuyapime kwa Biblia, kisha kwa karatasi na kalamu, maana naamini yanawafelisha miezi mingi kabla ya Novemba.

Fungueni Mathayo 25. Mstari wa 15 unasema bwana aligawa talanta "kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake". Kwa hiyo tofauti za vipawa zipo, na Biblia haizifichi. Lakini hata ile moja haikuwa kidogo. Talanta ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari ni ujira wa kibarua wa siku nzima. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi ya kazi. Na yule mtumwa aliyepewa hiyo moja, kwa nini aliifukia? Anajibu kwa kinywa chake: "nikaogopa, nikaenda nikaificha talanta yako katika ardhi". Kilichomponza ni hofu. Alimwona bwana wake kuwa mtu mgumu, na anayemwona bwana wake hivyo hathubutu kujaribu neno lolote ambalo huenda akalikosea. Kisha someni mstari wa 21 na wa 23 pamoja: mwenye talanta tano na mwenye mbili walipewa sifa zilezile, neno kwa neno. Hakuna aliyeitwa wa kwanza wala wa pili.

Wanasaikolojia nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck, huko Marekani, walichapisha majaribio waliyoyafanya na watoto wa darasa la tano. Watoto walipewa maswali, wakafanya vizuri, kisha wengine wakaambiwa wana akili, wengine wakaambiwa wamejitahidi. Kundi la "wenye akili" wengi wao walipenda kazi nyepesi ambayo haitawaaibisha. Walipopewa maswali yaliyowashinda, halafu wakarudishiwa mepesi, walifanya vibaya kuliko mwanzo, huku waliosifiwa bidii wakipanda. Tena walipoulizwa alama zao na mtu asiyewajua, hao wa "akili" ndio waliodanganya zaidi. Oneni, wanangu: mtu akishaamini kwamba alama ndiyo thamani yake, atalificha kosa lake, na kosa lililofichwa halirekebishiki.

Lakini nisiwadanganye na mimi. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti mkubwa wa Marekani wenye wanafunzi zaidi ya 12,000, waliofundishwa kwa muda usiofika saa moja kwamba akili hukua kwa kuzoezwa. Waliokuwa na alama za chini walipanda, ila kwa kiasi kidogo, kama sehemu ya kumi ya pointi moja katika wastani wao. Kwa hiyo anayewaambia "jiamini tu, utafaulu" hajawapa kitu cha kutosha. Vivyo hivyo anayewafundisha kutamka ushindi mchana kutwa na kitabu kimefungwa. Paulo aliandika "kwa neema ya Mungu nimekuwa hivi nilivyo", na katika mstari uleule, 1 Wakorintho 15:10, akasema alifanya kazi kupita wote. Hakuona kwamba neema na kazi zinagombana.

Neema ndiyo inayowapa ninyi kitu ambacho watoto wa majaribio yale hawakupewa. Thamani yako ilikwisha kuamuliwa msalabani. Divisheni ziro haiipunguzi, divisheni wani haiiongezi. Ndiyo maana Mkristo anaweza kuitoa karatasi yake yenye 22 mbele ya wenzake bila kufa kwa aibu, akauliza: hapa niliharibu wapi? Waebrania 5:14 inawataja watu wazima "ambao akili zao, kwa kutumiwa, zimezoezwa". Hao hawakuzaliwa na akili zilizokamilika.

Sasa kazi yenyewe. Nunueni kaunta buku moja ya makosa tu. Kila swali ulilokosa liandike, na chini yake jibu lako kama lilivyokuwa, bila kulisafisha, kisha jibu sahihi, kisha sababu ya kukosa. Hapo kwenye sababu ndipo wengi mnapokimbia. Chukua swali hili: 3(x − 2) = 2x + 5. Umeandika 3x − 2 = 2x + 5, ukapata x = 7. Ukiandika "nilikosea hesabu", hujaandika kitu. Andika hivi: "Nilipofungua mabano, 3 niliizidisha na x peke yake, nikaiacha 2, ilitakiwa 3x − 6." Rudia, utapata 11. Irudishe 11 kwenye swali: kushoto 27, kulia 27. Umeona? Anayeshindwa hapa ameshindwa na mabano, hajashindwa na hisabati yote, na mabano ni kazi ya jioni mbili kwa maswali 10 au 15 ya aina hiyohiyo. Mvuvi wa Deep Sea hapa Tanga akikuta wavu umechanika hasemi bahari imemkataa, anatafuta tundu liko wapi.

Makosa hayafanani, na dawa zake hazifanani. Kama hukulijua jambo kabisa, kukesha peke yako na kitabu hakutakusaidia sana. Tafuta mtu akueleze, awe mwalimu wa tuisheni au mwenzako aliyelipata. Kama ulilijua ukalisahau, tatizo ni namna unavyosoma, nami nitalirudia hivi punde. Kama ulilisoma swali haraka, uwe unapigia mstari neno la amri, yaani lile linalokuambia ufanye nini, kabla ya kuandika chochote. Na lipo kosa ambalo halisemwi vya kutosha: jambo unalijua vizuri kwa Kiswahili, lakini swali limekuja kwa Kiingereza likakupita. Mitihani yenu karibu yote ni ya Kiingereza. Maneno ya amri ya maswali si mengi, yanajirudia mwaka hadi mwaka; yachukueni kwenye mitihani iliyopita, yaandikeni ukurasa wa mwisho wa daftari pamoja na maana zake, na muulizane kila mnapokutana. Nimewaona vijana wengi wakiitwa wazito wa baiolojia, kumbe wamekwama kwenye lugha tu.

Kuhusu kusahau. Kusoma ukurasa uleule mara tano kunakupa hisia kwamba umeelewa, kwa sababu macho yameuzoea. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilipima hilo: walioendelea kusoma walikumbuka zaidi baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliofunga kitabu na kujipima ndio waliokumbuka zaidi, takriban asilimia 56 dhidi ya 42. Kwa hiyo soma mada kwa dakika 40, funga, chukua karatasi tupu, andika yote unayokumbuka, kisha fungua uone kilichopungua. Jipime tena keshokutwa, tena baada ya wiki, tena baada ya wiki tatu. Itauma, na utajiona hujui kitu. Wengi huacha hapo, wakidhani ugumu ule ni dalili ya kukosa akili, kumbe ndipo akili inapozoezwa.

Malengo nayo yapangeni kwa ngazi. D inaanzia 30, C inaanzia 45. Mwenye 22 asijitangazie A mwezi wa kwanza. Atachoka na kukata tamaa. Atafute alama nane kwanza, katika mada mbili au tatu alizo karibu kuziweza. Na ikiwa njia moja mmeifuata wiki sita bila alama kusogea, msiongeze saa za kusoma kwa njia ileile. Badilisheni njia.

Yupo mtu mmoja katika Biblia ninayetaka mmfahamu kwa jina. Yohana Marko aliwaacha akina Paulo safarini, Matendo 13:13. Sura ya 15 Paulo alikataa katakata kwenda naye tena, hata yeye na Barnaba wakatengana kwa ajili hiyo. Miaka baadaye Paulo huyohuyo, akiwa kifungoni, anaandika: "Umtwae Marko, umlete pamoja nawe, maana anifaa kwa utumishi." Biblia haitusimulii yaliyopita katikati, ila inatuambia kwamba Barnaba alimchukua wakasafiri pamoja. Mtu aliyeshindwa kazi alipewa kazi ileile mara ya pili, na mtu wa kwenda naye. Ndiyo maana sipendi mrudie mtihani kila mmoja chumbani kwake. Kaeni watatu au wanne, maktaba ya mkoa au kanisani.

Wazazi mtakaosomewa barua hii, nawaomba muache kusema "huyu kichwa kizito, mdogo wake ndiye mwepesi" mbele ya watoto. Wala msimsifu tu kwa kukesha. Muulizeni: umejipimaje wiki hii, na kosa gani halirudi tena? Na kijana akiamua kwenda VETA kwa kuwa anapenda ufundi, mbarikini aende. Hiyo nayo ni talanta inayofanyiwa biashara. Ila asiende kwa kuikimbia hisabati, maana fundi umeme ataikuta huko.

Wiki ya mtihani msiweke mkesha wa maombi usiku wa kuamkia pepa. Ombeni jioni, saa nne muwe mmelala. Anayewaombea usiku ule awe mzazi au mzee wa kanisa, nasi tupo tayari kwa zamu hiyo.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa tatu asubuhi, njooni kanisani na zile kaunta buku. Tutafungua ukurasa mmoja wa kila mtu, na sitauliza alama. Asiye na hela ya daftari aje hivyohivyo, asione haya, tumeyaweka ya akiba.

Ni mimi mzee wenu katika Kristo,
Mzee wa kanisa na mwalimu mstaafu, Tanga