Risala ya klabu ya historia kwa mgeni rasmi: Vita ya Tanga 1914

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni.

Mwaka huu klabu yetu imeshughulika na kitu kimoja tu, vita ya Waingereza na Wajerumani iliyopiganwa hapahapa Tanga kuanzia tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mgeni rasmi, wengi wetu Ras Kazone tunaenda kuogelea tu, hatukujua kabisa kwamba ndo pale Waingereza walishusha jeshi lao lililotoka India, watu karibu 8,000 chini ya Jenerali Aitken, na huku Mjerumani von Lettow-Vorbeck ana watu kama 1,000 hivi, wengi wao askari Waafrika.

Meli ya kivita ya Waingereza, HMS Fox, ilitangulia ikataka mji usalimu amri, basi ile subirisubiri ndo iliwaponza, maana reli ilikuwa inashusha askari kutoka Moshi, treni baada ya treni, na Waingereza walipousogelea mji tarehe 4 wakakuta watu wanawasubiri. Nyuki nao wakavurugika na milio ya risasi wakauma kila mtu, wa huku na wa kule. Watu wengi ukiwatajia vita hii wanakimbilia stori ya nyuki, ila sisi tumesoma tumeona kazi kubwa ilifanywa na reli. Waingereza walirudi melini wakaacha bunduki kwa mamia na risasi kama laki 6, na mji hawakuuchukua mpaka 1916.

Kilichotuuma ni hiki, majina ya majenerali tunayo yote, lakini askari waliopigana na wapagazi waliobeba mizigo mpaka Vita Kuu inaisha 1918, wakafa maelfu kwa maelfu kwa njaa na magonjwa, hao ni babu zetu na hatuwajui hata majina.

Kwa hiyo mgeni rasmi ombi letu ni vifaa vya kurekodi sauti, hata viwili tu, tupite Ngamiani na vijijini tuongee na wazee waliosimuliwa na babu zao kabla hawajatutoka. La pili ni usafiri wa siku moja kwenda Jasini kule mpakani, walikopigana tena Januari 1915, tukapaone kwa macho yetu. Daftari la kuandikia majina tumeshanunua wenyewe kwa michango yetu, lipo hapa mezani, bado halina kitu.

Tunaomba kuwasilisha.