Mbwa mwoga hazoezwi kwa mnyororo

Mhariri,

Katika paseli (viwanja vya nyumba) nyingi hapa Goma, mbwa akianza kutetemeka kila pikipiki au chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, inapopita, wenyewe humfunga mnyororo karibu na barabara "azoee". Hazoei. Mbwa mwenye hofu aliyenyimwa pa kukimbilia hubakiwa na meno tu. Na akichapwa, anajifunza kwamba pikipiki ikija, maumivu yako njiani.

Kwanza tafuta umbali. Mshike kwa kamba ya mita 2 au 3, mahali anapoona barabara lakini bado anakula. Akikataa sambaza, yaani vidagaa vya Ziwa Kivu, au akizinyakua kwa pupa hadi kukuuma vidole, mko karibu mno. Kabla ya hapo atakuwa ameshasema: anajilamba midomo bila chakula, anapiga miayo bila usingizi, mkia umeingia katikati ya miguu. Rudini nyuma mita 20, hata 50. Birere, ambako nyumba zimebanana, mita 50 huzipati. Fanyieni ndani ya ua, mlio usikike tu bila kuonekana kitu.

Halafu mpangilio, na hapa ndipo wengi huharibu. Pikipiki itangulie, chakula kifuate sekunde moja baadaye. Ikishapita, chakula kikome. Ukianza na chakula ili umtulize, mbwa ataanza kukiogopa chakula chenyewe, maana kimekuwa tangazo la balaa. Usimwamuru akae wala alale. Tumia vipande vidogo kama ukucha, visivyo na chumvi, kwa dakika 3 hadi 5, kisha mrudi nyumbani. Siku atakayosikia pikipiki akakugeukia mwenyewe kudai chake, sogeeni hatua mbili, si kumi. Akipata kishindo kikubwa, mpumzisheni siku moja au mbili, kisha mwanzie mbali zaidi ya mlipokuwa.

Kwa radi, rekodi ya simu husaidia, ianze kwa sauti ndogo ambayo sikio linageuka tu. Zoezi hili lifanyike kiangazi, Juni hadi Agosti, kwa sababu radi moja ya kweli juu ya mabati hubomoa kazi ya wiki nzima. Milio ya risasi, tunayoijua sote, si ya mazoezi: mwingizeni ndani, chini ya meza iliyofunikwa blanketi. Akikujia, mpapase. Wanaodai kwamba kumbembeleza kunalea woga wanakosea.

Mbwa mzima aliyekuwa jasiri akaanza kuogopa ghafla apelekwe kwanza kwa daktari wa mifugo, huenda sikio au kiungo kinamuuma. Chanjo ya kichaa cha mbwa isikose. Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, na aliyeng'atwa afike kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama mbwa anajulikana mtaa mzima.

Wafunzaji wa mbwa,
Goma